Umebadilisha kadi ya waifai kwenye laptopu na haishiki? Pitia hapa kabla hujanunua nyingine

Jumamosi wifi yangu, dada yake mume wangu, kaja na laptopu kwapani anahema, katoka Makorora na bodaboda, hata salamu hazijaisha kashaiweka mezani. Kadi yake ya waifai ya zamani ilikua inakatakata, akanunua nyingine, kuna dogo huko mtaani akamfungia, na tangu hapo laptopu haioni mtandao wowote. "Wifi, wameniibia." Ndo neno lake la kwanza. (Na humu ndani ntaandika waifai, neno wifi namwachia mwenyewe, la sivyo tutachanganyana.)

Hajaibiwa, au tuseme kaibiwa nusu. Kulikua na makosa matatu yamepandana, ukitoa moja linachomoza lingine, na hapa Ngamiani, mjini Tanga, hua naletewa kesi kama hii kila mara, mtu kadi ikigoma ananunua ya pili, ya pili nayo ikigoma anatupa laptopu kabatini, kumbe kadi nzima zote mbili. Kwahiyo swali la kujiuliza sio "kadi mbovu au nzima", swali ni imekwamia wapi. Laptopu inaiona? Draiva, yani programu inayoifanya laptopu iongee na kadi, ipo? Redio imewashwa? Antena zimeshika? Ruta imeikubali? Fuata huo mpangilio usiruke, maana ukianza na draiva wakati laptopu hata haijaiona kadi utashusha madraiva mpaka bando liishe.

KABLA YA BISIBISI

Zima laptopu kabisa, sio kufunika tu. Windows 10 na 11 zina mtindo wa kuzima nusunusu ili kesho ziwake chap, na zikiwaka hivyo zinakua bado na kumbukumbu za vifaa vya jana, kwahiyo shikilia kitufe cha Shift wakati unabonyeza Shut down, hapo inazima kweli. Chomoa chaji. Fungua kava la chini af chomoa na soketi ya betri kwenye bodi, hii watu wengi wanairuka wanasema "si nimezima", lakini umeme bado upo kwenye bodi na bisibisi ikiteleza pale ndo unaaga kadi. Ikishachomoka bonyeza batani ya kuwashia sekunde 20 hivi umeme uliobaki uishe. Futa jasho mikononi, joto letu hili la Tanga mnalijua, gusa chuma chochote kilichosimama chini, haya endelea.

HATUA YA 1: HIYO KADI NI YA HIYO LAPTOPU?

Laptopu za miaka ya nyuma zinatumia kadi pana kidogo inaitwa mini PCIe, upana 30 mm. Za sasa zinatumia M.2 saizi 2230, yani upana 22 mm na urefu 30 mm. Hizi mbili huwezi kuzichanganya, haziingii, kwahiyo sio tatizo sana. Tatizo ni zile zinazoingia vizuri, skrubu inakaa, kila kitu kinapendeza, na hazifanyi kazi.

Hapo ndo wifi yangu aliponaswa. Kauziwa Intel AX201. Kadi nzuri, mpya kabisa, ila AX201 sio kadi kamili, nusu ya kazi yake inafanywa na prosesa ya Intel yenyewe, ule ubongo wa laptopu, na isipoikuta prosesa inayoielewa hiyo kadi ni kipande cha plastiki tu. Na laptopu yake ina prosesa ya AMD, kampuni nyingine kabisa! Ndugu zake wa aina hiyo ni 9560 na AX211, zote hizo zinataka Intel, na sio Intel yoyote, mfano AX201 inataka kuanzia kizazi cha 10. Ukiwa na AMD, au Intel ya zamani, chukua AX200 au AX210, hizi zinajitegemea. Angalia namba vizuri, 200 na 201, tofauti tarakimu moja na kwa macho zinafanana kama mapacha, muuzaji mwenyewe pengine hajui.

Kuna na kizuizi kingine kwenye baadhi ya laptopu za zamani, ThinkPad na HP za enzi hizo hasa. Ndani ya BIOS, ile programu inayoamsha laptopu kabla ya Windows, kuna orodha ya kadi zinazoruhusiwa, ukiweka isiyokuemo inagoma kuwaka kabisa, kwenye ThinkPad inaandika kosa namba 1802 na kwenye HP namba 104. Ukiona hizo usihangaike na draiva, tafuta kadi iliyomo kwenye orodha ya modeli yako, au nunua kidude cha USB cha waifai (dongle) uendelee na maisha. Kuna watu wanabadilisha BIOS kuondoa hiyo orodha, mie sikushauri kama ndo laptopu yako pekee.

HATUA YA 2: LAPTOPU INAIONA?

Rudisha betri, washa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, Enter. Inafunguka orodha ya vifaa vyote. Angalia palipoandikwa Network adapters. Ukiona jina la kadi yako bila alama yoyote nenda hatua ya 4. Ukiona pembetatu ya njano, au chini ya Other devices kuna kitu kinaitwa Network Controller, hongera, laptopu inaiona kadi ila haijui iiongeleshe vipi, hiyo ni draiva, hatua ya 3. Ukiona hakuna kitu kabisa rudi chini ya kava, kadi haijakaa, au sio ya laptopu hiyo kama hatua ya 1.

Sasa kuna siri moja hapa. Kadi hizi nyingi zina waifai na Bluetooth kwa pamoja lakini ndani ya ile soketi vinapita njia mbili tofauti, waifai inapita njia ya PCIe na Bluetooth inapita njia ya USB. Kwahiyo ukikuta Bluetooth ipo, inashika na spika ya nyumbani vizuri, lakini waifai haipo kwenye orodha, usiseme kadi imekufa, inapata umeme huyo, ni zile pini za waifai hazijagusa sawasawa. Toa kadi, irudishe kwa pembe kama nyuzi 30, sukuma mpaka meno ya dhahabu yaingie karibu yote, ndo uilaze na kufunga skrubu. Usiilaze kabla haijaingia.

Na kwa sie tunaokaa na bahari puani, laptopu inayoishi Sahare au Raskazone dirisha wazi upepo wa chumvi unaingia mchana na usiku, meno ya kadi na soketi yanashika ukungu na kutu ya kijani. Chukua ufutio wa penseli, mweupe, safi, sugua meno ya kadi taratibu, pangusa unga wake, malizia na pamba yenye spiriti ya isopropili, acha ikauke. Msasa hapana, nimeshaletewa kadi iliyopigwa msasa dhahabu yote imeondoka, jamaa anasema "nimeisafisha", sikua na la kumjibu.

HATUA YA 3: DRAIVA, NA UTAIPATAJE WAKATI WAIFAI NDO HAIPO

Bonyeza mara mbili kile kifaa chenye pembetatu, nenda Details, chagua Hardware Ids. Utaona maandishi marefu yenye VEN na DEV. VEN ni mtengenezaji: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14C3 ni MediaTek, 168C ni Qualcomm Atheros, 14E4 ni Broadcom. DEV ndo kadi yenyewe, mfano 8086 na 2723 ni AX200. Hii inakusaidia sana kwenye zile kadi zisizo na stika au zenye stika ya kudanganya, stika inaandikika lakini hizo namba zimo ndani ya kadi.

Kushusha draiva tumia simu. Chomeka simu kwa waya wa USB, waya wa data sio ule wa chaji tu, kwenye setingi za simu washa USB tethering na laptopu inapata intaneti bila waifai. Ila sikiliza, laptopu inadhani imechomekwa kwenye waya wa ofisini wenye intaneti ya bure, itaanza kujiapdeti kimyakimya na bando lako la wiki litaisha kabla chai haijapoa, kwahiyo fasta nenda setingi za mtandao huo ukawashe Metered connection, ijue bando lina kikomo. Au shusha draiva kwenye simu yenyewe, af uhamishie kwa waya, hiyo ndo mie hua nafanya.

Chukua draiva kutoka kwa mtengenezaji wa kadi au wa laptopu. Zile programu zinazojiita za kutafuta draiva zote kwa mpigo achana nazo, zinakuletea matangazo na takataka. Na kama bado uko Windows 7, Intel hawana draiva ya AX200 kwa Windows 7, hiyo inataka Windows 10 ya 64 biti kwenda juu, utasumbuka bure.

Draiva imeingia na bado pembetatu ipo? Kama imeandika Code 10 rudia ile ya kuchomoa betri na kubonyeza batani sekunde 20, mara nyingi inaamka. Isipoamka, kwenye ile orodha bonyeza View halafu Show hidden devices, utaona kadi ya zamani bado imekaa pale kivuli, ifute pamoja na draiva yake, futa na mpya, restati, instoli upya ile uliyoshusha.

Wa Linux nawapitia haraka. lspci -nn inakuonyesha kama kadi imeonekana na zile namba, sudo dmesg | grep iwlwifi inakwambia kadi ya Intel inalalamika nini, na mara nyingi inalalamika haikuti faili la fimwea, yani apdeti linux-firmware. AX200 inataka keneli 5.1 kwenda juu na AX210 inataka 5.10, ukiwa na toleo la kale ndo jibu lako hilo.

HATUA YA 4: REDIO IMEZIMWA

Fupi hii. Kadi ipo, draiva ipo, haioni mtandao hata mmoja. Andika cmd kwenye kutafuta, fungua ile dirisha nyeusi, andika

netsh wlan show interfaces

Tafuta mstari wa Radio status. Ikiwa Software Off, ni hali ya ndegeni au kitufe cha waifai umekizima, kiwashe. Ikiwa Hardware Off angalia pembeni ya laptopu kama ina swichi ya kusukuma, za zamani zinazo na mabegi hua yanazisukuma, au kitufe cha Fn chenye picha ya antena. Ikikwambia huduma yenyewe ya waifai haijawashwa, fungua cmd kwa haki za admini andika net start wlansvc. Kwenye mini PCIe kuna kesi ambayo hakuna swichi na bado inang'ang'ania Hardware Off, pini ya 20 ndo inaizima, mafundi wanaifunika na kipande chembamba cha tepu. Inafanya kazi, ila kama hujawahi kushika kitu kidogo hivyo mpe anayejua. Kwenye Linux ni rfkill list, af rfkill unblock all.

HATUA YA 5: ANTENA, HAPA NDO WENGI MNAPOFELI

Tulipomtafutia wifi AX200 ikawaka, draiva ikaingia, mtandao ukaonekana, akapiga vigelegele kabisa. Nikamwambia subiri. Nikawasha hotispoti ya simu yangu nikaiweka hapo mezani kwenye laptopu, ile amri ya juu ikasema Signal 60%. Simu iko kando yake! Nikatoka nayo mpaka mlangoni, hatua sita saba, mtandao ukapotea. Hiyo ni antena, huna haja ya kuuliza mtu. Kadi isiyo na antena sio kwamba haioni kitu, inaona, ila inaona kilicho puani tu, na ndo inadanganya watu wanalaumu ruta.

Antena zenyewe zimezunguka kioo, waya wake unapita kwenye bawaba unashuka mpaka kwenye kadi, waya mbili, kwa kawaida mweupe na mweusi. Vichwa vyake kwenye M.2 ni vidogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, na ni vidogo kuliko vile vya mini PCIe, haviingiliani. Kumbonyeza huyo kichwa kuna namna yake: kaa na mwanga, mweke juu kabisa ya kitako chake, hakikisha amekaa katikati, ndo umshindilie wima na kucha ya dole gumba. Utasikia tik. Usiposikia tik hajaingia, hata kama anaonekana amekaa. Ukisukuma kwa pembeni unapinda ukingo wake na ukishapinda hashiki tena, hapo kadi nzima unaitupa kwa ajili ya kitako cha milimita mbili. Kumtoa pia ni juu wima, kwa kucha au plastiki nyembamba, usivute waya.

Mara nyingi mweupe anaenda kwa alama ya 1 au MAIN, mweusi kwa 2 au AUX. Ukivibadilisha dunia haiishi, tofauti mara nyingi huioni, lakini kama ni mmoja tu umeshika, utapata mtandao wa kuchechemea. Kwenye laptopu ya wifi waya mmoja ulikua umekaa juu juu, na wa pili dogo kaubana chini ya kava, skrubu imepita juu ya waya imeukandamiza bapa. Bahati haukukatika, nikaunyoosha, nikaupitisha kwenye njia yake, tik, tik. Mlangoni 80%.

HATUA YA 6: INASHIKA, ILA HAKUNA INTANETI

Hapa ndo kosa la tatu. Imeunganishwa, alama imejaa, lakini kila tovuti inaandika usalama wake una shaka. Wifi akaanza tena "si nilikwambia". Nikaangalia pembeni chini kwenye saa, laptopu inadhani tuko miaka kadhaa nyuma. Tulipochomoa betri saa ya ndani ikapoteza kumbukumbu, na tovuti za sasa zina vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, ukija na tarehe ya zamani unaonekana umekuja kabla cheti hakijatolewa. Rekebisha tarehe na saa, chagua saa za Nairobi, ni sawa na zetu, basi. Watu wanapiga Windows upya kwa kitu hiki, mie nimeona.

Kama sio saa, andika ipconfig kwenye cmd. Anwani ikianza na 169.254 maana yake ruta haijakupa anwani, laptopu imejitungia yenyewe. Zima ruta dakika moja, washa. Bado? Kwenye cmd ya admini piga netsh winsock reset, af netsh int ip reset, restati.

Kama mitandao mingine unaiona ila mmoja tu huuoni, huo mmoja pengine uko kwenye masafa ya 5 GHz na kadi yako ni ya 2.4 tu, netsh wlan show drivers itakuorodheshea, ukiona 802.11ac ujue 5 GHz inayo. Hotispoti za simu nyingi zina sehemu ya kuchagua, weka 2.4. Kuna kadi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazisikii chaneli 12 na 13, ruta ikiwa huko ihamishie 1, 6 au 11. Na kadi ya zamani ikikutana na ruta iliyowekwa ulinzi mpya wa WPA3 peke yake haitaingia hata uandike paswedi sahihi mara mia, weka WPA2.

Inakata kila ukiiacha kidogo? Kwenye ile orodha ya vifaa, bonyeza kadi, Power Management, toa tiki ya kuruhusu kompyuta kuizima.

Tukadhani tumemaliza. Jumatatu saa nne wifi kapiga simu kutoka shuleni anakofundisha, laptopu nyumbani inashika, hotispoti inashika, mtandao wa shule unamkataa, na kabla ya kubadilisha kadi ulikua unamkubali. Hapo hakuna kilichoharibika. Kila kadi ya waifai ina anwani yake ya MAC, kama namba ya injini ya pikipiki, na sehemu nyingi za ofisi na shule zinaruhusu zile zilizoandikishwa tu. Ukibadilisha kadi, kwa ule mtandao wewe ni mgeni hata kama laptopu ni ileile. Nikamwambia fungua cmd andika getmac /v, tafuta mstari wa Wi-Fi, zile herufi na namba 12 zilizokatwa na vistari mbilimbili ndo umpelekee anayesimamia mtandao hapo, na mwambie aifute ya zamani. Akaziandika nyuma ya karatasi ya mtihani wa mwanafunzi, saa tano na robo kanitumia picha ya kuku kwa waifai ya shule.